Kikombe cha Zamani, Picha ya Baadaye: Jinsi ya Kukagua Kaure ya Kiingereza Iliyopambwa Upya

Kikombe chaweza kuwa cha mwaka 1770 kweli kabisa, na picha iliyo juu yake ikawa ya 1890. Udongo ni wa Worcester, kiwanda cha kaure cha Uingereza, umbo ni la Worcester, alama ya kitakoni haina kasoro. Lakini wale ndege wenye mikia mirefu na ile kijani inayovuta macho viliwekwa na fundi aliyekuwa hajazaliwa kikombe kilipotoka tanurini. Kwenye minada ya mtandaoni picha ndiyo unayoonyeshwa kwanza, na kitako huonyeshwa mwisho, kama kitaonyeshwa. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo: tunaanza kitakoni na kumalizia kwenye picha.

Nauandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua, aliyeachiwa urithi, au anayepita kwenye magulio ya vitu vya kale Uingereza na kuona kikombe kizuri kwa bei isiyoeleweka. Sahani za Kichina za kwenye zidaka na sahani za Ulaya za udongo mzito usiopitisha mwanga zina elimu yake, na hapa sizigusi.

Kwa nini mtu apake upya kitu cha thamani?

Kwa sababu wakati ule hakikuwa na thamani kubwa. Uingereza ilianza kutengeneza kaure miaka ya 1740: Chelsea na Bow huko London, kisha Worcester mwaka 1751, pamoja na Derby, Lowestoft na viwanda vingine. Worcester walichanganya kwenye udongo wao jiwe la sabuni kutoka Cornwall, na vyombo vyao vikastahimili maji ya moto bila kupasuka. Ndiyo maana vikombe na mabuli yao yalitumika, yakadumu, na yakabaki mengi. Vingi vilikuwa na mapambo machache tu: kijiua hapa, kitawi pale, mstari wa dhahabu ukingoni.

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, matajiri waliokusanya kaure walitaka Worcester ya fahari, yenye uwanja wa rangi ya njano, kijani cha tufaha au zambarau ya mvinyo, na ndani ya fremu za dhahabu kuwe na ndege wa ajabu au watu. Vyombo vya namna hiyo vilikuwa vichache na bei yake ilipaa. Chenye vijiua viwili kilinunuliwa kwa bei ya chini, vijiua vikakwanguliwa au kuyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki, rangi mpya ikapakwa, kikarudishwa tanurini. Kilitoka kikiwa na udongo wa miaka 120 na sura ya siku hiyo.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kabla hujashika lenzi, tenganisha mambo haya, maana bei na heshima zake havilingani.

La kwanza ni kaure iliyopambwa nje ya kiwanda lakini zama zilezile. James Giles alikuwa na karakana London, akinunua Worcester nyeupe na kuipamba kwa ajili ya wateja wake miaka ya 1760 na mwanzoni mwa miaka ya 1770. William Duesbury, kabla ya kuwa bwana wa kiwanda cha Derby, alikuwa mpambaji wa kujitegemea, na daftari lake la hesabu la 1751 hadi 1753 lipo hadi leo. Kazi za watu hawa si udanganyifu hata kidogo. Kikombe kilichopambwa na karakana ya Giles hutafutwa sana, na wapo wanaokipenda kuliko kilichopambwa kiwandani.

La pili ni chombo cha buluu na nyeupe kilichoongezewa nyekundu, kijani na dhahabu juu ya buluu yake, mara nyingi karne ya 19. Hapa picha ya zamani haikuondolewa, ilifunikwa tu.

La tatu ndilo zito: mapambo ya awali yameondolewa, au chombo kilichokuwa cheupe kimepakwa baadaye, kwa nia ya kukifanya kionekane cha daraja ambalo hakikuwa nalo.

Ukisikia "kimepambwa upya", uliza ni lipi kati ya hayo matatu.

Vifaa

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10, tochi ndogo yenye mwanga mkali, dirisha lenye mwanga wa mchana, na kitambaa kinene cha kutandika mezani. Vua pete. Shika chombo kwa mikono miwili kwenye tumbo lake, kamwe usikiinue kwa kishikio chake, kwa kuwa pale ndipo huwa pamevunjika na kugundishwa.

Hatua ya 1: Hakikisha udongo wenyewe

Hakuna faida ya kuchunguza picha kama chombo chenyewe ni nakala. Kampuni ya Samson ya Paris, iliyoanza mwaka 1845, ilitengeneza nakala nyingi za Chelsea, Derby na Worcester, na nakala hizo ni za kaure ngumu ya Kifaransa. Kaure nyingi ya Kiingereza ya karne ya 18 ni ile laini, inayochomwa kwa moto mdogo kuliko kaure ngumu.

Weka tochi ndani ya kikombe, zima taa. Worcester ya zamani mara nyingi hupitisha mwanga wenye ukijani kidogo. Chelsea ya miaka ya 1750 huonyesha madoa ya duara yanayong'aa zaidi, yatokanayo na vipovu vya hewa ndani ya udongo. Kaure ngumu hutoa mwanga mweupe wa baridi. Ukipata mahali palipomeguka, patazame kwa lenzi: kaure laini imemeguka punjepunje kama sukari, na mara nyingi pamekunywa uchafu pakawa na rangi ya chai, kaure ngumu imekatika kwa kingo kali, laini na zenye kung'aa kama kioo. Kwa Worcester tazama pia ndani ya pete ya kitako, ambako glezi, yaani ile ngozi ya kioo inayofunika udongo, mara nyingi huishia kabla ya kufika ukingoni na kuacha mstari mwembamba mkavu.

Usiiache alama ikuamulie. Nanga ya dhahabu ya Chelsea iliigwa mno, na ile halisi ni ndogo sana, ya milimita chache. Nanga kubwa iliyochorwa katikati ya kitako ikionekana tangu mbali ni ya mtu aliyetaka ionekane.

Udongo ukipita mtihani huu, ndipo swali la picha linapoanza.

Hatua ya 2: Kitako kinasema kilichotokea tanurini

Hapa nakuomba utulie, kwa kuwa ndipo penye ushahidi mwingi na ndipo wanunuzi wengi hawafiki.

Kaure laini iliyokaa mezani kwa miaka 100 imenyonya maji, mafuta na chai kupitia nyufa ndogo za glezi na kwenye ule ukingo wa kitako usio na glezi. Kwa macho haionekani. Chombo kikirudishwa kwenye moto wa kuchomea rangi, moto wa nyuzi 700 na kitu za Selsiasi au kuzidi, unyevu hugeuka mvuke na mafuta huungua. Mvuke unatafuta pa kutokea, unaivimbisha glezi iliyoanza kulainika, na kinachoungua kinabaki kama vidoa vyeusi vidogo sana.

Kwa hiyo geuza chombo, weka lenzi karibu na pete ya kitako, uzunguke nayo polepole. Unatafuta mambo manne: vidoa vyeusi vilivyotawanyika ndani ya glezi, vipovu vilivyopasuka na kuacha vishimo vyenye midomo mikali, pete ya kitako iliyogeuka kahawia au kijivu bila sababu ya matumizi, na glezi iliyopoteza utulivu wake, ikawa na mawimbi madogo badala ya uso uliolala. Kisha rudia kazi hiyohiyo ndani ya buli au chini ya mfuniko, ambako fundi hakuhangaika kuficha kitu.

Doa moja au mawili hayamhukumu mtu. Hata tanuri iliyokichoma chombo mara ya kwanza ilirusha vumbi na kuacha vidoa. Kinachotia shaka ni vidoa kuwa vingi, kujikusanya penye nyufa au penye ukingo mkavu, na kuandamana na vipovu.

Hatua ya 3: Tafuta kivuli cha picha ya kwanza

Rangi ya enameli, yaani rangi ya kioo inayopakwa na kuchomwa juu ya glezi, ikiwa imekaa hapo kwa karne moja imeikinga sehemu iliyo chini yake. Ikiondolewa, mahali pale hapalingani tena na jirani yake. Simama dirishani, ulaze chombo hadi mwanga upite juu ya uso wake kwa pembe ndogo sana, kisha ukizungushe taratibu. Palipokwanguliwa hung'aa kwa namna nyingine: pamefifia, au pana mikwaruzo mifupi inayokwenda upande mmoja. Penye asidi huonekana pamelika kidogo, pamelainika kupita kiasi.

Kuna njia ambayo haigharimu kitu. Hemea juu ya uso wa chombo, kama anayesafisha miwani, na utazame mvuke unavyoondoka. Kwa sekunde chache umbo la jani au ua lisilokuwepo linaweza kujitokeza, kwa kuwa ukungu hauondoki kwa mwendo mmoja mahali palipoguswa na mahali pasipoguswa. Fanya hivyo kwenye sehemu nyeupe zilizobaki kati ya mapambo mapya, na hasa ndani ya kikombe chini ya ukingo, ambapo mara nyingi kulikuwa na kijiua kimoja kidogo.

Hatua ya 4: Fuata mkwaruzo mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote kwa sahani na visahani.

Sahani iliyotumika ina mikwaruzo ya visu na vijiko. Chagua mkwaruzo mmoja mrefu ulioanzia kwenye eneo jeupe na kuelekea kwenye rangi. Uufuate kwa lenzi hadi ukingo wa ua au wa jani. Rangi ikiwa ya zamani, mkwaruzo utaikata: utauona unapita juu yake, umeng'oa rangi kidogo, kingo zake zimechakaa. Rangi ikiwa ya baadaye, mkwaruzo utaingia chini yake. Rangi imeujaza, imetulia ndani ya mfereji wake, na upande wa pili mkwaruzo unatokeza tena. Sahani ilikwaruzwa kwanza, ikapakwa baadaye, na hakuna maelezo mengine.

Fanya vivyo hivyo kwa vishimo vya glezi. Wapambaji wa karne ya 18 walikuwa na desturi ya kuficha dosari za tanuri kwa kuchora kidudu au jani dogo juu yake, kwa hiyo kipepeo aliyekaa mahali pa ajabu juu ya kishimo ni dalili njema. Lakini kishimo kikiwa na uchafu mweusi wa miaka mingi, na rangi safi imepita juu ya uchafu huo, umeshapata jibu.

Linganisha pia uchakavu. Kitako kimesuguliwa vizuri, ukingo wa ndani umekwaruzwa na vijiko, halafu petali za waridi katikati ya kisahani hazina hata mstari? Kikombe kilikaa wapi miaka yote hiyo?

Hatua ya 5: Rangi na jinsi ilivyokaa

Glezi ya kaure laini ina risasi na huyeyuka kwa urahisi, hivyo enameli ya zamani ilizama ndani yake kiasi. Kingo zake ni laini. Ukipitisha kidole, rangi na glezi ni kama kitu kimoja, isipokuwa pale mchoraji alipoiweka nene kwa makusudi. Rangi ya baadaye mara nyingi imekaa juu, imesimama, ina ukingo unaohisika. Ukiitazama kwa pembe, rangi nyingi za zamani, hasa buluu na kijani, huwa na mng'ao hafifu wa rangi za upinde wa mvua kwenye glezi inayozizunguka.

Kijani kina habari zaidi. Kijani cha karne ya 18 kilitokana na shaba. Kromiamu iligunduliwa na Louis-Nicolas Vauquelin mwaka 1797, na kijani chake kiliingia kwenye kaure katika karne ya 19. Kijani cha kromiamu ni kizito, hakipitishi mwanga, kimetandazwa sawasawa. Kile cha shaba kina uhai: kinaonekana kama maji, kimekolea hapa na kufifia pale. Kikombe kinachosemwa ni cha 1770 kikiwa na kijani cha kromiamu kina swali la kujibu. Ukiwa na chombo cha bei kubwa na shaka haijaisha, maabara zenye kipimo cha eksirei hutambua kromiamu kwenye rangi bila kukwangua chochote.

Kwa uwanja wa kijani cha tufaha wa Worcester kuna jambo la kuliangalia kabla ya mengine yote: dhahabu haikushika vizuri juu ya kijani kile. Wapambaji wa zamani waliiweka dhahabu pembeni yake, kwenye mpaka wa kijani na nyeupe. Ukiona michoro ya dhahabu imetandaa juu ya kijani chenyewe, simama hapo.

Hatua ya 6: Dhahabu

Dhahabu ya asali ndiyo iliyotumika sana Uingereza katika karne ya 18: karatasi ya dhahabu ilisagwa pamoja na asali, ikapakwa kwa brashi na kuchomwa kwa moto mdogo. Ina uzito wa kuonekana, rangi iliyotulia, haiwaki. Kuelekea mwisho wa karne hiyo ikaingia dhahabu ya zebaki, ambayo ikisuguliwa hung'aa zaidi na huelekea rangi ya shaba nyeupe. Dhahabu ya maji ilibuniwa Meissen, Ujerumani, karibu na 1830. Ni nyembamba, inatoka tanurini ikiwa tayari inang'aa kama kioo, na hufutika kwa urahisi.

Dhahabu yenye kung'aa kwa kioo kwenye chombo cha 1765 si ya 1765. Lakini angalia kitu kimoja: wakati mwingine ukingo tu ulipakwa dhahabu upya kwa sababu ya kwanza ilichakaa, na picha ikaachwa. Hilo ni tengenezo dogo, na lisikufanye ukitupe chombo kizima.

Hatua ya 7: Kama kuna buluu

Buluu ya Worcester, Lowestoft, Caughley na Bow kwa kawaida iko chini ya glezi. Ilichorwa kwenye udongo uliochomwa mara ya kwanza, kisha ikafunikwa. Hakuna anayeweza kuiongeza baadaye, na kuiondoa ni kuiharibu glezi. Kwa hiyo buluu ni shahidi.

Jaribu hivi: zifute kichwani rangi nyingine zote na dhahabu, ubaki na buluu peke yake. Je, picha imekamilika? Kuna pagoda nzima, mti mzima, mvuvi na mtumbwi wake, mpaka wa ukingoni wenye mwanzo na mwisho? Basi chombo kilikuwa cha buluu na nyeupe, na nyekundu na kijani ni nyongeza. Mara nyingi utaona nyongeza haziheshimu mistari: nyekundu imepita juu ya paa, kijani kimefunika nusu ya mtu. Kama buluu peke yake haina maana, ina mapengo yanayongoja kujazwa, basi mchoro ulipangwa tangu mwanzo uwe na rangi nyingi, kama ilivyo kwa mitindo ya Kijapani iliyoigwa Worcester.

Ile buluu ya magamba ya samaki, yenye nafasi nyeupe za kuwekea picha, inahitaji tahadhari ya peke yake. Magamba yenyewe ni ya awali, hayawezi kuongezwa baadaye. Lakini ndani ya nafasi nyeupe fundi wa miaka ya 1890 angeweza kuondoa maua ya kawaida na kuweka ndege au watu. Hapo rudi hatua ya 3, ukaihemee kila nafasi.

Hatua ya 8: Je, picha inalingana na chombo?

Mapambo ya gharama yaliwekwa kwenye vyombo vilivyochaguliwa. Kikombe kilichopinda kidogo tanurini, chenye glezi yenye matone, hakikupewa uwanja wa njano na dhahabu ya kazi nyingi. Na mchoraji wa 1890, hata awe stadi, anachora kwa mkono wa 1890: nyuso tamu mno, ndege wamekaa kwa mpangilio mno.

Jicho hilo halipatikani kwa kusoma. Victoria and Albert Museum ya London imeweka picha za mkusanyiko wake mtandaoni bure. Ashmolean Museum ya Oxford ina mkusanyiko wa Worcester uliotolewa na Henry Rissik Marshall, na mjini Worcester kwenyewe kuna makumbusho ya kiwanda hicho. Tafuta umbo lilelile, kisha uone limepambwaje. Ukikuta vyombo kumi vya umbo hilo vyote vina vijiua, na chako kina uwanja wa njano, usikimbilie kudhani umeokota lulu.

Hatua ya 9: Kununua, kuuza, kutunza

Kwenye katalogi za minada, maneno ya kutafuta ni "later decorated" (kimepambwa baadaye), "redecorated" (kimepambwa upya) na "clobbered" (kimeongezewa rangi juu ya mapambo ya zamani). Yakikosekana, usichukulie kwamba mnada umethibitisha. Andika barua pepe ukiuliza wazi kama mapambo ni ya zama za chombo, uombe picha ya kitako na ya ndani kwa mwanga wa pembeni, na uhifadhi jibu. Muuzaji mwaminifu hatachukia swali hilo.

Usikatae chombo kwa sababu tu kimepambwa upya. Kwa bei yake kinafaa sana: kwa kujifunzia umbo na udongo, kwa kuona kazi ya mafundi wa karne ya 19, na kwa uzuri wake pia, maana baadhi yao walikuwa wachoraji wazuri. Kibaya ni kukilipia bei ya chombo kisichoguswa.

Usithubutu kuondoa rangi mpya ukitarajia kuikuta ya zamani chini yake. Ile ya zamani ilishaondolewa, na asidi iliyotumika ni ya hatari kubwa: hupenya ngozi hadi mfupani na huweza kuua. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kimoja kimoja, ndani ya beseni la plastiki, kamwe si kwenye mashine ya vyombo. Usivitumie kwa chakula wala kinywaji, kwani glezi na rangi zake zina risasi.

Na ukiuza, andika hivi, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Kikombe cha Worcester, karibu na 1770, mapambo ya baadaye, huenda mwisho wa karne ya 19, kuna vidoa vyeusi kitakoni." Weka picha ya vidoa hivyo.